Kifaru Kilichogeuza Mzinga Nyuma

Alhamisi, tarehe kumi na nne Machi, saa kumi na moja na dakika kumi jioni, kaka yangu alikata roho nikiwa nimemshika kiganja. Wiki ya tatu nilichukua koti lake, nililolishona mimi mwenyewe, nilipunguze nivae mimi. Ndani ya bitana nikakuta mshono wa mkono, usio wangu. Nilipoufumua, ikaanguka picha. Kaka alikaa jeshini miaka saba na hakuwahi kutusimulia hata siku moja ya huko. Makaburini mtu mmoja alinong'ona nyuma yangu kwamba mikono ya marehemu ilikuwa na damu. Tangu hapo kila nikipiga magoti nakwama. Sijui nimwombee msamaha, au nishukuru kwa ajili yake. Basi nikaipeleka picha kwenye benchi la nje ya duka langu la cherehani, mahali alipokuwa akinywa kahawa nasi kila asubuhi. Pembe yake bado hakuna anayeikalia.

Picha ilimwonyesha kaka akiwa kijana, mbele ya kifaru. Lakini kifaru gani! Mbele kilikuwa na mikono miwili ya chuma iliyoshika pipa refu, na kwenye pipa ilining'inia minyororo mingi. Mzinga wake ulitazama nyuma.

Wa kwanza kuishika alikuwa Profesa, dereva mstaafu asiyekubali kushindwa na swali.

— Hii rahisi. Trekta la jeshi. Wanajeshi nao wanakula, lazima walime.

— Trekta lenye mzinga? akauliza Kipara, kinyozi wetu, ambaye kichwa chake mwenyewe hakijaona wembe miaka kumi kwa kukosa kazi. Wanampiga nani, mahindi?

— Ngedere, bwana. Ngedere wasumbufu.

— Lete hapa. Mimi naona kichana. Kinachana vichaka, adui akose pa kujificha. Wahenga walisema, mpanda ngazi hushuka.

— Hiyo inahusu nini?

— Inahusu. Kifaru kina ngazi ubavuni, hujaiona?

Nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Wakaona nimecheka, wakazidisha. Profesa akasema minyororo ni ya kutimua vumbi, jeshi zima lipite bila kuonekana. Kipara akasema hapana, ni nyavu za kuvulia vifaru vya adui vilivyozama mtoni. Kisha Profesa akapiga paja.

— Nimepata! Mzinga unatazama nyuma kwa sababu walikuwa wanakimbia. Wanakimbia huku wanapiga. Mbio za sakafuni huishia...

Kipara alikuwa amemkanyaga mguu.

— Samahani, fundi, Profesa akaniambia kwa sauti ya chini. Ulimi wangu hauna breki. Kaka yako hakuwa mtu wa kukimbia.

— Hujui, nikamjibu. Hata mimi sijui. Ndiyo maana nimeileta.

Cheche, mchomeleaji, alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Aliweka kikombe chini, akafuta vidole kwenye suruali, akaisogeza picha hadi karibu na pua.

— Itazameni minyororo. Mingine mirefu, mingine mifupi. Ingekatwa na fundi, ingelingana. Hii imeraruliwa.

— Na nini?

— Mlipuko. Na hili bati nene mbele ya dereva limeongezwa baadaye, tazama lilivyochomelewa. Zamani nilifanya kazi kwenye yadi ya chuma chakavu. Lililetwa pipa kama hili, na mzee wa pale akanieleza. Pipa linazungushwa, minyororo inachapa ardhi, na bomu lililofukiwa linalipukia hapo kabla mtu hajalikanyaga. Mzinga wanaugeuza nyuma usiharibiwe na mawe. Hiki hakikimbii, wazee. Hiki kinatangulia.

Kipara akaiinamia picha.

— Kwa hiyo kaka alikuwa anasafisha njia, Kipara akasema.

— Siku hiyo, ndiyo.

Nikamuuliza Cheche swali nililokuwa nalo tangu makaburini.

— Basi hakuua mtu?

Hakukimbilia kunifariji. Alinitazama kwanza.

— Fundi wangu, nisikudanganye. Mimi nasoma chuma tu. Miaka saba haienei kwenye picha moja.

Nikashukuru moyoni kwamba hakunidanganya, ingawa iliuma.

Wakati huo alikuwa amefika mama mmoja kuchukua gauni lake nililopunguza kiuno. Hatukuwa tunamfahamu, ni mteja mpya; alipoleta gauni nilimweleza habari za msiba. Akachungulia juu ya bega la Cheche.

— Huyu ndiye marehemu? Poleni sana. Mbona ameshika buti mkononi?

Tukainama wote. Tangu asubuhi tulikuwa tukitazama chuma. Kaka alikuwa peku. Kwa mkono wa kulia alishika buti zake kwa kamba, na nyayo zake zilikuwa juu ya udongo uliochapwa na minyororo. Mbali nyuma yake walisimama watu wenye mizigo kichwani, wanawake na watoto, wamesita, macho yote kwenye miguu yake.

— Anawaonyesha kwamba njia ni salama, Cheche akasema.

Kila mmoja wetu alikaa na kaka benchi hili miaka kumi na mmoja, na mteja wa siku moja ndiye aliyeiona miguu yake. Nikamkunjia gauni lake, nikaingia nyuma ya pazia la kupimia nguo, nikapiga magoti. Safari hii sikukwama.

Ee Mola, mimi ni fundi cherehani, sijui mengi. Kama kuna damu, wewe unaijua, nami nakusihi umsamehe. Na kama kuna waliofika kwao wazima kwa kufuata nyayo zake, nao unawajua mmoja mmoja. Mpokee kaka yangu hivyohivyo peku, na udongo uliomfunika uwe mwepesi juu yake. Amina.