Saa ya Kamera ya Paa

Harun: Haloo? Nani? Sema kwa sauti!

Mwanahija: Dada yako, Mwanahija! Niko huku China, Xiaobei, hii kadi ya simu haina dakika nyingi. Baba je?

Harun: Bado hospitali. Panga limefika mfupani, dada. Hajafumbua macho.

Mwanahija: Ya Rabi! Na hayo makelele?

Harun: Tumemkamata aliyemkata! Ile kamera uliyotuletea, ya kuwapiga picha wale paa wanaokula mazao, imemuumbua. Ni Cornel.

Mwanahija: Cornel kibarua wetu? Wacha we!

Harun: Shetani mkubwa! Baba alikatwa jana saa sita mchana, akipalilia. Leo nimefungua picha kwenye kompyuta pale saiba: Cornel huyo, kwenye njia ya paa, panga mkononi. Saa imeandikwa chini, sita kamili. Kijiji kizima kinamponda hapa. Mimi mwenyewe nimemng'oa meno—

Mwanahija: Ngoja—[mkwaruzo]—uliirekebisha saa?

Harun: Saa gani?

Mwanahija: Ya kamera! Niliijaribu huku chumbani, nikaitia saa ya China. Tumewatangulia saa tano!

Harun: Sikusikii—

Mwanahija: Hiyo sita ni saa moja asubuhi kwenu! Alikuwa anakwenda kukata majani ya ng'ombe, kama siku zote. Kivuli chake pichani kikoje?

Harun: Kirefu. Kimefika kwenye ua wa shamba.

Mwanahija: Saa sita mchana, kivuli kirefu?

Harun: Mama yangu...

Mwanahija: Kuna picha ya saa kumi na moja jioni?

Harun: Ipo. Ami Msabaha, anakimbia. Nikadhani anawahi hospitali kumwona baba.

Mwanahija: Hiyo ndiyo saa sita yenu! Si ndiye aliyeapa baba hatalivuna lile shamba wanalogombania?

Harun: Dada. Ami ndiye aliyeleta tairi la kumchomea.

Mwanahija: Tairi? Harun, kimbia! Jitupe juu ya Cornel!

Harun: Acheni! Siye! Jamani, siye! Ami, weka chini hicho kiberiti— niachieni, nyie!

[mayowe]

Mwanahija: Harun? Harun, sema!

Harun: Ananiita mimi.

Mwanahija: Ami?

Harun: Cornel. Ananiita jina langu, dada, nimsaidie. Moto umeshashika.

Mwanahija: Mwagieni maji! Mchanga! Harun! Halo—

[kadi imekwisha]