Sauti ya Baba Riziki na Ghala Lililofungwa

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Wengi husimama hapa kumshukuru Mungu kwa mlango aliowafungulia. Mimi namshukuru kwa mlango uliofungwa, tena ukapigwa mihuri mitatu, nami nikiwa nautazama.

Nilifika Kigoma nikitokea kusini. Nilizaliwa Tukuyu, nikamaliza kidato cha nne, na tangu siku hiyo miguu yangu haikukubali kukaa. Nilikaa Tunduma, nikahamia Sumbawanga, nikateremka Kasanga, na kila nilipofika nilianza kupakumbuka nilipotoka. Kasanga nikapanda meli kuukuu ya Ziwa Tanganyika, nikiwa na begi moja la nguo na kompyuta ya mezani niliyoizungushia blanketi. Meli ile husimama katikati ya maji mbele ya vijiji visivyo na gati, mitumbwi huifuata, watu hupanda na kuku, mananasi na magunia ya dagaa. Nilitapika kuanzia Kipili hadi Karema. Mama mmoja aliyelala jirani nami sitahani akaniuliza, "Hicho unachokikumbatia ni nini, mwanangu?"

Nikamwambia ni kazi yangu.

"Basi na kazi yako umeitapikia," akasema, akanipa limau.

Nilikusudia kuendelea hadi Mwanza. Lakini niliposhuka Kigoma ardhi ilikuwa bado inayumba chini yangu, nikaapa kwamba sitasafiri tena hadi itulie. Nikakaa miaka sita.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Magari meupe ya mashirika yalipita kutwa yakienda na kurudi makambini, na Ujiji, Kasingirima na Buzebazeba kulikuwa na familia nyingi zenye asili ya Kongo, nyingine za tangu zamani, nyingine zilizovuka juzi. Kila mtu alikuwa na simu, na kila simu ilitaka nyimbo. Nikapanga kibanda Gungu, ubavuni pa Mama Shabani muuza mawese, nikaandika bango: FUNDI ELIA, MUZIKI NA FILAMU ZA KIMATAIFA. Ukileta memori kadi, nakujazia.

Vitu hivyo nilivitoa wapi? Ndugu zangu, nasema kweli mbele zenu. Kulikuwa na tovuti moja ya ng'ambo, ghala la dunia nzima. Mtu anapakia wimbo au filamu, na mwingine asiyemjua, popote alipo, anapakua. Mwenye wimbo haulizwi. Nami sikuuliza. Nilikuwa nikienda kwenye kibanda cha intaneti kule Mwanga na flashi zangu, narudi zimeshiba. Kama ningeingia dukani kwa mtu nikatoka na sabuni bila kusema neno, ningeitwa mwizi. Kwa kuwa nilitoka na nyimbo, niliitwa fundi. Na Jumapili fundi huyo alisimama kwenye kwaya, mstari wa sauti ya teno, amevaa joho.

Kwaya yetu iliongozwa na Mama Riziki, mama wa Kikongo wa Buzebazeba, mzaliwa wa mji wa Baraka, ng'ambo ya ziwa. Mumewe, Baba Riziki, aliimba besi. Alikuwa na sauti kama pipa tupu linaloviringishwa, nzito na nzuri, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: alichelewa kuingia. Sisi sote tukishafika kwenye neno la pili, ndipo yeye anafika kwenye la kwanza. Mkewe alimsema miaka yote, na miaka yote alijibu, "Nasubiri mupite nione njia."

Mwaka mmoja niliwarekodi nyimbo kumi pale pale kanisani kwa kompyuta yangu. Wimbo wa saba Baba Riziki aliimba ubeti mmoja peke yake. Desturi yetu mnaijua: kwaya haitoi albamu yake kabla ya uzinduzi, na uzinduzi haufanyiki bila mgeni rasmi. Tukamsubiri mgeni rasmi. Kabla hajapatikana, Baba Riziki akaugua wiki mbili, akatutangulia. Nyimbo zikabaki kwangu tu.

Kompyuta nayo ikajaa. Zilikuwa zimeingia filamu mpya zinazosimuliwa kwa Kiswahili, watu wanazililia. Nikafikiri, mbona kuna ghala? Nikaenda Mwanga, nikapakia nyimbo zetu kumi kwenye ile tovuti kuanzia asubuhi hadi alasiri, maana mtandao ulikuwa unakwenda kama mzee mwenye gauti. Kisha nikarudi nikazifuta kwenye kompyuta. Nilimfuta Baba Riziki ili nipate nafasi ya filamu ya karate. Mama Riziki aliponiuliza, nilimjibu kwa kiburi kabisa, "Ziko salama, Mama. Ziko kwa Wazungu. Huko hakukatiki umeme."

Ndipo ikaja siku ile. Nilifungua tovuti yangu kama kawaida, nikakuta ukurasa mmoja tu wenye mihuri mitatu ya serikali ya ng'ambo na Kiingereza kirefu. Nikamwita dada wa intaneti anisomee vizuri.

"Imefungwa kisheria," akasema. "Wenye nyimbo na filamu wamelalamika, wanadai hakimiliki yao inaibwa. Wenye tovuti wameshtakiwa."

"Sasa vitu vyangu?"

"Vipi vyako, kaka?"

Nikalipa, nikaokota flashi zangu.

Nilirudi Gungu. Wazo lililonijia ni kwamba, kwa kuwa nilipakia kwa jina langu kamili, kwa sababu nilipenda sifa, watanijia. Siku tatu baadaye, mchana kweupe, gari jeupe likasimama mbele ya kibanda changu, akashuka Mzungu mwenye karatasi mkononi. Sikungoja kusomewa mashtaka. Nilipita dirisha la nyuma, nikaangukia kwa Mama Shabani, nikajibanza kati ya madumu yake ya mawese. Moja likapinduka.

Nilipotolewa pale nilikuwa mwekundu kuanzia kidevuni hadi kiunoni. Dereva wa gari aliniona akarudi nyuma hatua mbili. "Kaka, nani kakuchoma kisu?"

"Kajichoma mwenyewe," Mama Shabani akamjibu. "Mnamtakia nini?"

Mzungu alitaka vocha ya simu. Karatasi ilikuwa ya kuandikia namba.

Nikamweleza Mama Shabani yote. Alikuwa Mwislamu mshika dini, mama mtu mzima, na hakunionea huruma hata kidogo. "Kumbe wewe mlokole ulikuwa unauza mali ya watu," alisema huku akikinga mafuta yaliyobaki. "Na mimi nakuazima kigoda changu kila siku. Hata kigoda kimepata dhambi."

Lakini ndugu zangu, hofu ya polisi ilikuwa ndogo mbele ya jambo lililokuja Jumamosi. Mama Riziki alifika kibandani akiwa amevaa kitenge kizuri cha safari. Binti yake alikuwa amemwita arudi Baraka, wakae pamoja, na nafasi yake ilikwisha wekwa kwenye boti ya Alhamisi. Alileta simu yake ndogo.

"Niwekee ule wa saba tu, mutoto yangu. Zingine nitaimba mwenyewe."

Nikamwambia kompyuta inasumbua, arudi Jumatatu. Uongo huo niliusema bila kupepesa. Akaondoka akinibariki, na kila neno la baraka lilinikaa shingoni.

Jumapili nikasimama kanisani kuomba maombi. Nilisema kuna tovuti yenye kazi zangu imefungwa, nikaomba kanisa lifunge siku tatu ili Mungu aifungue. Wazee wakaitikia amina. Mchungaji wetu alikuwa mtu mpole, Muha wa Kasulu, hakuwa na haraka ya kuombea kitu asichokijua.

"Fundi, tuelewe kwanza tunachoomba. Nani aliifunga?"

"Mahakama, Mchungaji."

"Kwa kosa gani?"

Nikajikuna. "Wizi wa kazi za watu."

"Yaani sisi tusile siku tatu," akasema polepole, "ili Mungu awarudishie wezi ghala lao?"

Kanisa zima likacheka, kwaya ndiyo ikavunjika kabisa, hata mpiga kinanda akainamia kinanda kikatoa mlio. Mtu mmoja tu hakucheka. Mama Riziki alisimama mahali pake pa kuongozea.

"Elia. Na sauti ya bwana yangu ilikuwa humo?"

Kicheko kikakatika. Nikasema, "Ndiyo, Mama. Ilikuwa humo tu. Ile ya kwenye kompyuta niliifuta."

Hakunitukana. Alikaa chini, akavua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya kitenge, akaifuta hadi ibada ikaisha. Ningepewa kuchagua, ningechagua mihuri mitatu na jela yake. Pale pale nilipiga magoti bila kuitwa. Sikuomba tovuti ifunguliwe. Nilisema, Bwana, mimi ni mwizi, nirudishie huyu mama kitu chake, basi.

Ndugu zangu, Mungu anajibu, ila hachagui mdomo tunaoutarajia. Jumatatu asubuhi nilikaa kwenye kile kigoda chenye dhambi. Mama Shabani alikuwa akimpimia mteja mawese. Alijaza chupa, kisha kama ilivyo desturi akachota upawa mwingine mdogo akamimina juu. Nyongeza. Hakuna anayenunua mawese Kigoma akaondoka bila nyongeza. Akanigeukia na ule upawa ukidondoka.

"Wewe si uliniiga? Kila uliyemjazia simu si ulimpa nyongeza?"

Nikasimama.

Ilikuwa kweli. Nilipoona wateja wanampenda kwa upawa ule, nami nikaanza kuwatilia watu wimbo mmoja wa bure juu ya walivyonunua. Na kwa kuwa nyimbo za kwaya hazikunigharimu kitu, hizo ndizo zilikuwa nyongeza yangu. Nilizitawanya mji mzima bila ruhusa ya mtu, kisha nikasahau.

Kwa siku tatu nilizunguka. Kila nyumba nilibisha hodi, nikasema, "Nilikupa wimbo usio wangu, naomba niuangalie." Mwendesha bodaboda wa Gungu alikuwa na wimbo wa pili, akasema ndio unaomwamsha. Kilabuni Kasingirima nikakuta wa nne, wanaucheza wakati wa kufunga ili walevi waone aibu waende nyumbani. Ustadhi mmoja wa Ujiji alikuwa na wa tisa, akaniambia, "Sijui maneno yenu, lakini wapiga ngoma wenu wana adabu." Hadi Jumatano nilikuwa nimepata nyimbo tisa. Wa saba haukuonekana.

Jioni ile yule wa bodaboda akanifuata. "Kuna mzee anaingia kama amechelewa, sauti nzito? Huo upo kwa nahodha Hamadi. Simu yake ikiita, ndio unaolia. Lakini yuko ng'ambo ya ziwa, anarudi kesho."

Nahodha Hamadi ndiye aliyekuwa mwenye boti ya Alhamisi.

Asubuhi ufuko wa Kibirizi, zinakotia nanga boti za Kongo, ulikuwa umejaa. Dagaa wameanikwa, wachukuzi wanapigiana kelele, na Mama Riziki amekalia mzigo wake bila kunitazama. Boti ilipofika niliingia majini na viatu.

"Nahodha, naomba simu yako!"

"Salamu kwanza, bwana."

"Habari za safari. Naomba simu yako."

Akanipa. Ilikuwa imezima, imekwisha chaji tangu katikati ya ziwa. Ndugu zangu, nilicheka, kisha nikalia. Nahodha akamtazama mchukuzi. "Huyu ndiye yule wa mawese?"

Tukaichomeka kwenye kibanda cha chai. Boti ikapakiwa. Abiria wakaanza kuitwa, Mama Riziki akainuka na mzigo wake kichwani, nikamzuia mbele ya ngazi nikiwa nimelowa hadi magotini. "Dakika tano, Mama." Nahodha, Mungu amkumbuke, akajifanya anakagua kamba. Simu ikawaka. Nikaipigia.

Kwanza ikasikika kwaya ikimalizia kiitikio. Kisha kimya kidogo. Kisha, baada ya wakati wake kupita, akaingia Baba Riziki.

Mama Riziki aliutua mzigo. Alisikiliza hadi simu ikakata, akasema, "Piga tena." Nikapiga mara tatu. Mara ya tatu alitikisa kichwa, machozi yakishuka na meno yakiwa nje.

"Hata humo kachelewa. Mwanaume huyu."

Nahodha alikuwa nao wimbo mzima. Tukauhamishia kwenye simu ndogo ya Mama Riziki, pamoja na zile tisa. Alipoweka mguu kwenye ngazi nikamwambia, "Mama, naomba ruhusa nami nibaki nao." Lilikuwa ombi la kwanza la namna hiyo kutoka kinywani mwangu.

Aliifunga simu kwenye ncha ya kitenge. "Leo umeomba. Chukua."

Wiki ile nilifuta diski yangu yote, filamu zikaenda, karate ikaenda. Nikashusha bango. Nilijaribu kutengeneza redio kidogo, lakini ardhi ilikuwa imekwisha tulia, na mnajua miguu yangu. Siku niliyoondoka Kigoma moja kwa moja, Mama Shabani alinisindikiza stesheni na chupa ya mawese iliyojaa hadi kwenye kizibo, na chupa nyingine ndogo pembeni. "Nyongeza," akasema. "Usijimwagie."

Treni ilipopita Luiche, nje kidogo ya mji, nilikuwa nimeshaanza kuikumbuka Gungu. Nikafungua wimbo wa saba. Kijana wa kiti cha mbele akageuka. "Mzee, wimbo huo mtamu. Nirushie."

Kidole kilikuwa kimekwisha kwenda, kwa mazoea. Nikakirudisha. "Ngoja nimuulize mwenyewe," nikasema, nikapiga simu ng'ambo ya ziwa, behewa zima likinishangaa.

"Murushie," Mama Riziki akajibu. "Lakini umwambie besi anachelewa, asifikiri simu yake imeharibika."

Ndugu yangu unayenisikia, kama una kitu cha mtu, kirudishe leo, na kama kimepotea, mwambie Bwana ukweli kabla hujamwambia haja yako. Mimi nilimwomba mlango ufunguliwe, akauacha umefungwa, akanifungua mimi. Mtumaini hata akikawia. Baba Riziki naye alikawia, na aliingia.