Jezi Namba Kumi na Nane ya U Ohn Khin

Leo Jumanne, tarehe 31 Machi 1987, U Ohn Khin anastaafu baada ya kuitumikia posta ya Moulmein kwa miaka thelathini na miwili na miezi tisa. Aliingia chumba cha kuchambulia barua akiwa kijana wa miaka ishirini na saba mwenye nywele nyingi. Anatoka akiwa na sitini, na habari za nywele tuziache. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Hnin Wai wa meza ya pili, niandike wasifu wake katika kijitabu hiki. Imeniomba niwe mfupi wa maneno na nisimtie aibu. Hilo la kwanza nitajaribu.

Nianze na kazi. Sote tunajua mji wetu ulivyo: hatuna majina ya ukoo, na mtaa mmoja tu wa nyuma ya soko una akina Ma Khin Than watano. Halafu inakuja barua kutoka Mandalay imeandikwa: "Kwa dada yangu Ma Khin Than, Moulmein, yule anayecheka sana." Wengine tungeirudisha ilikotoka. U Ohn Khin hujikuna sikio, huitazama mara moja, kisha huitupa kwenye kijisanduku chake bila hata kuinuka. Amekosea mara moja tu ninayoijua mimi. Mwaliko wa arusi ulimfikia Ma Khin Than ambaye zamani alikuwa mchumba wa bwana arusi. Yule dada akaenda, akala, akatoa zawadi nzuri kuliko wote, na mpaka leo anamsalimia U Ohn Khin kwa heshima kubwa.

Mimi nilianza kazi mwaka 1972, na wiki yangu ya kwanza alinigombeza. Nilikuwa nimeiweka kando bahasha iliyolowa mvua, nikisema moyoni nitaishughulikia kesho. Alikuja polepole na longyi yake, ile shuka ya kiunoni, iliyofungwa vibaya kama kawaida, akaiokota.

"Binti, hii ni ya nani?"

"Ya huyo aliyeituma, mzee."

"Siyo! Barua ikishaandikwa anwani na kubandikwa stempu, si yako tena wala si ya aliyeiandika. Ni ya yule anayeingoja. Huna ruhusa ya kuilaza hata siku moja. Umesikia?"

Nilisikia. Naomba msomaji ayaweke maneno hayo mfukoni, tutayahitaji mbele.

Sasa mpira. Wageni wetu wa leo huenda hawajui kwamba kila Siku ya Uhuru, hapo uani, wachambuzi wa barua hucheza na matarishi. Na wageni wasijue kitu kingine: wachambuzi tumefungwa miaka yote. Tumefungwa saba bila, tumefungwa tisa moja, mwaka juzi tuliacha kuhesabu. Matarishi wana miguu ya baiskeli, sisi tuna miguu ya viti. Langoni tumewahi kumweka karani wa fedha, mpishi wa chai, na mwaka mmoja nikawekwa mimi, ambaye niliushika mpira mara moja nikaupigia kelele.

Na muda wote huo, pembeni ya uwanja, akikata ndimu za wachezaji, amekuwa akikaa golikipa wa timu ya taifa.

Ndiyo, wa taifa. Mwaka 1954 kijana huyu, enzi hizo Ko Ohn tu, maana hakuwa bado mzee wa kuitwa U, alikuwa katika kikosi kilichokwenda Manila kwenye mashindano ya mataifa ya Asia. Alikuwa golikipa wa akiba, jezi namba kumi na nane. Golikipa mwenyewe alikuwa Ko Thet Lwin, fundi wa karakana ya treni kule Insein, karibu na Rangoon, kijana mrefu mwenye mdomo. Sheria za wakati ule hazikuruhusu kubadilisha mchezaji. Mkianza kumi na mmoja, mtamaliza hao hao, hata kama mmoja anachechemea. Kwa hiyo Ko Ohn alivuka bahari kwenda kukaa kwenye benchi, na alilijua hilo kabla hajapanda meli.

Katika mechi ya pili mvua ilinyesha bila huruma. Kwenye kona moja, mshambuliaji wa upande wa pili alimshika Ko Thet Lwin jezi, ikachanika kutoka kola hadi kitovuni. Refa akasema hachezi mtu na matambara. Kila golikipa alikuwa na jezi moja tu. Ko Ohn akavua yake palepale, akairusha uwanjani, akabaki kifua wazi mvuani mpaka filimbi ya mwisho. Kipindi cha pili ikatokea penalti. Ko Thet Lwin akaruka, akaitoa kwa ncha za vidole, tukashinda mbili moja.

Mpiga picha alikuwa nyuma ya lango. Picha ilionyesha mgongo, mikono iliyonyooka, mpira unatoka nje, na namba kumi na nane. Mtu wa gazeti akachukua orodha ya kikosi, akashuka na kidole chake hadi kumi na nane, akaandika chini ya picha: Ohn Khin wa Moulmein aokoa jahazi.

Jamani, gazeti lilifika hapa kabla yake. Mama yake, marehemu Daw Shwe Yin, aliyekuwa akiuza mohinga karibu na gati, hakujua kusoma. Alisomewa mara kumi, na mara ya kumi na moja akawa anasoma mwenyewe kwa moyo. Asubuhi ile aligawa sufuria nzima bure, samaki, tambi na kila kitu. Ile picha akaibandika kwenye kioo cha kabati la bakuli.

Ko Ohn aliposhuka kwenye kivuko kutoka Martaban, alikuta mji mzima gatini na mashada ya maua. Aliniambia mwenyewe kwamba njiani alikuwa ameshapanga maneno. Alifungua mdomo aseme si mimi, ilikuwa ni jezi yangu tu. Mama yake akamwahi.

"Mwanangu, mimi nilijua zamani! Tangu tumboni ulikuwa unarusha mikono. Muulizeni mkunga!"

Watu wakacheka, yeye akaufunga mdomo. Na nyuma ya mama alikuwa amesimama postamasta wetu wa wakati huo, U Tun Yi, mpenda mpira kupindukia, akimtazama vidole.

"Kijana, mikono hiyo niletee posta Jumatatu," akasema.

Hivyo ndivyo alivyopata kazi. Na hivyo ndivyo alivyopata mzigo, kwa sababu U Ohn Khin si mtu wa kula jasho la mwenzake akalala vizuri. Watu walimwita langoni kila Siku ya Uhuru, akakataa. Walidhani anaringa. Kumbe kila akiliona lango aliiona ile picha, na kila akiiona ile picha alimwona Ko Thet Lwin.

"Hnin Wai," aliniambia siku moja tukifunga mafurushi, "kwa miaka kumi na mitatu nilikula mohinga ya mama kila asubuhi nikiwa mwongo. Ningemwambia, angekufa na moyo uliovunjika. Sikumwambia, amekufa na furaha yake, na mimi sijui kama nilifanya vema."

Wala mimi sijui, mzee wangu. Ila najua ni upendo.

Daw Shwe Yin alifariki wakati wa masika ya 1967. Mwezi wa kumi, siku ya mwezi mpevu wa Thadingyut, tulipokusanyika hapa ofisini kupiga magoti mbele ya wakubwa na kuwaomba radhi, U Ohn Khin hakupiga magoti kimya kama wengine. Nasema "tulipokusanyika" ingawa mimi nilikuwa bado shuleni. Nimesimuliwa mara nyingi mno hata najiona nilikuwapo. Alisema yote mbele ya wote, kisha akaweka barua ya kujiuzulu miguuni mwa U Tun Yi.

"Barua ulizochambua miaka hii kumi na mitatu," U Tun Yi akauliza, "zilichambuliwa na jezi?"

"Hapana, mzee."

"Basi ondoka hapo chini. Kivuko cha saa nne kimefika, na magunia hayajipandishi yenyewe."

Na kutoka nyuma ya chumba ikasikika sauti ya Saw Pho Htoo, tarishi wa baiskeli, ambaye hajawahi kuuacha utani upite: "Kwa hiyo jezi ndiyo iliajiriwa, wewe ukaja kuisindikiza!" Wakacheka mpaka machozi, na yeye pia. Ndiyo maana matarishi wanamwita Jezi mpaka leo.

Lakini kwa Ko Thet Lwin mwenyewe hakuwahi kufika. Tulimwambia nenda Insein, ni safari ya siku moja. Akasema ataenda. Tukamwambia basi daka mpira, umeshatubu, yamekwisha. Akasema, "Langoni nitasimama siku mwenyewe atakaponiambia simama." Wakati huohuo mikono yake ilimsaliti. Mwaka 1979 gunia la barua liliteleza kwenye ubao wa kivuko likielekea mtoni. U Ohn Khin, miaka hamsini na mbili, aliruka kama paka, akalidaka kifuani, akaanguka nalo kwenye tope. Aliinuka akajipangusa, akatuuliza tunatazama nini.

Sasa naomba radhi, maana hapa ndipo nitakapomtia aibu.

Mwezi uliopita alianza kunikabidhi vijisanduku vyake. Kile cha chini kabisa, cha barua ambazo wenyewe hawajulikani waliko, kilikuwa na bahasha moja iliyogeuka rangi ya chai. Mwandiko ulikuwa wake. Anwani: Ko Thet Lwin, karakana ya treni, Insein. Stempu ya zamani ilikuwa pembeni, haijapigwa mhuri. Mtu aliyenigombeza kwa kulaza barua siku moja alikuwa ameilaza ya kwake miaka ishirini.

Sikuifungua. Nilikaa nayo mpaka saa ya chai, huku nikiyasikia maneno yale: si yako tena wala si ya aliyeiandika. Basi. Nikabandika stempu ya siku hizi kando ya ile ya zamani, nikapiga mhuri kwa nguvu hata postamasta akachungulia, nikaitupa kwenye gunia la Rangoon. Kama nimefanya kosa, nimefundishwa na yeye.

Jibu lilirudi baada ya majuma mawili, lakini lilikuja kwangu, kwa kuwa nyuma ya bahasha niliandika jina langu. Mwandiko wa kutetemeka, mdomo uleule. Nanukuu kwa ruhusa:

"Binti yangu, huyo mzee wenu ana wazimu? Sifa gani anirudishie? Gazeti nililiona, nikakasirika mwezi mzima, sikufichi. Halafu nikakumbuka alivyokaa kifua wazi kwenye ile mvua, akaugua homa siku nne, na sikuwahi kumwambia asante. Na kuna jambo naona hakuwaambia, maana ni mtu wa hivyo. Ile penalti mimi sikujua niruke wapi. Ni yeye aliyepiga kelele kutoka benchi: Kulia, Thet Lwin, kulia! Anaangalia kushoto, anakudanganya huyo! Mikono ilikuwa yangu, macho yalikuwa yake. Nikanyamaza miaka yote hii kwa sababu na mimi niliona haya. Mimi ndiye niliyeondoka na jezi yake."

Nilisoma nikiwa nimesimama, na nililia nikiwa nimesimama. Miaka thelathini na mitatu wazee wawili wanaoneana haya, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyekosewa!

Kwa niaba ya chumba cha kuchambulia barua, na hata matarishi, nashukuru kwa kila barua iliyofika, kwa kila kijana aliyefundishwa kazi kwa kugombezwa na kupewa chai baadaye, na kwa mke wake Daw Kyin Nu aliyetuvumilia kila tulipomchelewesha kurudi nyumbani.

Na sasa nakugeukia wewe, U Ohn Khin, maana najua hujawahi kuachia karatasi kabla hujafika mstari wa mwisho. Ratiba inasema baada ya tambi za nazi kuna mechi. Si Siku ya Uhuru, lakini tumeomba ruhusa. Saw Pho Htoo amekwisha kutangaza kwamba hatakuonea huruma. Sheria zimebadilika siku hizi, mchezaji wa akiba anaruhusiwa kuingia.

Inua macho. Safu ya pili, kiti cha tatu, kuna mzee mrefu amekuja na treni ya jana. Ana kifurushi magotini. Kiwiko cha kushoto cha jezi iliyomo kilishonwa na marehemu mkewe, na namba mgongoni bado inasomeka. Alichotaka kukuambia ni neno moja, na nimemwahidi nitalichapisha hapa iwapo sauti itamkwama: simama.

Tunakuombea siku ndefu zenye kivuli, maji mengi ya kumwagiwa sikukuu ya mwaka mpya wetu, Thingyan, na mohinga unayoila kwa moyo mweupe. Lakini hizo zinaanza kesho. Leo lango letu halina mtu.