Chupa Mia Mbili na Tatu za Doutora Natércia

Ndugu waombolezaji, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya shangazi yangu, Doutora Natércia Nantimbo, nami naomba radhi mapema, kwani karatasi hii niliiandika jana asubuhi, na jana hiyo hiyo mchana likatokea jambo ambalo mpaka sasa sijui niliweke wapi.

Alizaliwa Pundanhar tarehe 9 Juni 1963, akasoma shule ya misheni, mwaka 1978 akapelekwa Kuba, akarudi 1988 na shahada, licenciatura, ya biolojia ya bahari, yeye mtoto wa bara ambaye kabla ya safari hiyo hakuwahi kulowesha mguu kwenye maji ya chumvi.

Kazi aliianza hapa Palma tarehe 1 Machi 1989, wa kwanza pwani yetu kuchunguza planktoni, yaani vidudu na vimea vinavyoelea baharini, vidogo mno kuonekana kwa macho, ambavyo ndivyo chakula cha dagaa, na kila bamvua, siku za maji makubwa, alivuta wavu wake wa kitambaa chembamba, akatia alichopata kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia kuoza, akabandika karatasi ya tarehe na mahali. Novemba 2004 aliwakataza wanawake kuokota chaza siku kumi na mbili, akisema vidudu vyake vimegeuza rangi ya maji na kuyatia sumu, wakamcheka, ati Mmakonde wa bara atufundishe bahari, na waliobisha wanajua wenyewe nani alilazwa.

Aliolewa na mwalimu Osvaldo, mjini Pemba, mkoani kwetu hapa, tarehe 15 Desemba 1990, wakajaliwa Milton na Helga.

Saratani ya titi ilimwanza Agosti 2024, akafariki juzi alfajiri, tarehe 2 Februari 2025, akiwa ameniagiza chupa zote apewe mwenzake, Doutor Fábio wa Maputo, kwa kuwa madaftari yote na chupa nyingi vilipotea tulipokimbia vita mwaka 2021, zikabaki chupa hizi tu.

Jana nilikwenda kufuata kibali cha mazishi, huku nyuma mama zangu wa ukoo na wa jirani wakasafisha nyumba yake ili tupokee wageni, kama inavyopasa, wakamwaga chupa zote mia mbili na tatu, wakaziosha kwa sabuni, wakabandua karatasi. Nilipiga kelele, ndiyo. Shangazi Alzira, mdogo wa marehemu, akaniambia, "Maji ya miaka thelathini, yananuka, tungejuaje? Wewe bingwa wa kubishana huko chuoni, mdomo wa kutuambia sisi ulikuwa wapi?" Hasira ninayo tele, lakini sijui nimkasirikie nani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika, wenzake wa kazini, na Doutor Fábio, aliyefika asubuhi hii, akazitazama chupa tupu, akauliza tu kama yupo anayekumbuka bahari ya miaka hiyo. Mama zangu mliomcheka mwaka ule, mnajua maji yalikuwa rangi gani, mlikuwa ufuko upi, nani aliugua, basi tukitoka makaburini msitawanyike, kaeni naye, mumwambie, aandike.

Shangazi, tumeimwaga kazi yako tukidhani tunakusafishia nyumba, utusamehe, ulale kwa amani.