Dokta Tusajigwe na Mlango Mzito

Wachungaji, majirani zetu wa Boko, wanafunzi wa marehemu nanyi nyote mlioacha shughuli zenu, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, Dokta Tusajigwe Ambakisye Mwakalinga, nanyi mnivumilie sauti ikinikatika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Tukuyu, Wilaya ya Rungwe, mtoto wa pili wa Mzee Ambakisye, na tangu utotoni aliandamwa na hofu moja, hofu ya kufungiwa peke yake, kwa maana aliwahi kufungiwa kwa bahati mbaya ndani ya ghala la mahindi mpaka jua likazama, na tokea hapo hakulala tena mlango ukiwa umefungwa, nasi wadogo zake tukawa tunamtania kwamba anawakaribisha fisi.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Tukuyu, 1979 hadi 1985, sekondari akaimalizia Iringa mwaka 1992, kisha akaja Dar es Salaam kusomea udaktari, na makubwa haya, kati ya kazi zote akabobea katika tiba ya saratani kwa mionzi, kazi ya kumlaza mgonjwa mezani, kumbana uso kwa kinyago cha plastiki asitikisike, halafu watu wote wakatoka na mlango mzito ukafungwa.

Tarehe 8 Desemba 2001 alifunga ndoa na shemeji yetu Leodegar Komba, Msasani, wakajaliwa Eufrazia mwaka 2003 na Romani mwaka 2007, na shemeji aliyekuwa akiogopa wezi alishindwa kesi ya mlango wa chumbani mapema sana, akabaki na komeo la geti.

Mwaka 2009 alianza kufundisha wanafunzi wa udaktari, na sharti lake mnalijua, hakuna mwanafunzi kumwambia mgonjwa asiogope kabla hajalala mwenyewe chini ya kinyago, mashine imezimwa na mlango umefungwa, na wengi walitoka wakitweta, Mudathir yule pale akatapikia viatu vyake, ila msilolijua ni kwamba miaka yote hiyo mwalimu wenu hakuwahi kulala pale hata siku moja, alisimama nje ameshika koo lake.

Agosti 2023 aligundulika na saratani ya nyuma ya pua, ugonjwa unaotaka kinyago kile kile, na Jumatatu ya tarehe 4 Septemba, mlango ulipoanza tu kufungwa, alipiga kelele mpaka wakamtoa, akaenda kukaa kwenye gari pekupeku, akamwambia mumewe ni heri afe, nasi jamani tuliogopa kupita kiasi, kwa sababu bila mionzi ugonjwa usingemsubiri.

Kesho yake mwanafunzi wake Najat aliomba akae kwenye kipaza sauti cha chumba cha nje, penye skrini ya kumwonea mgonjwa, wala hakumwambia asiogope, alimwambia, "Mwalimu, mlango unafungwa, nipo hapa, nakuona," akayarudia maneno hayo mpaka mlango ukafunguliwa, na hivyo hivyo siku zote, dada akitetemeka, mpaka dozi ikaisha, na aliporudi darasani Februari 2024 alilala yeye kwanza mbele ya wanafunzi, akitetemeka waziwazi bila haya.

Machi 2025 ugonjwa ulirudi kwenye mapafu, na alfajiri ya Jumapili, tarehe 2 Novemba 2025, alituacha nyumbani kwake Boko, mlango ukiwa wazi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliopika na kukesha nasi, na wafanyakazi wenzake, ahsanteni sana.

Lipo jambo moja limebaki, wiki yake ya mwisho dada alituambia haogopi kufa, anaogopa mfuniko, kwa hiyo tunawaomba jeneza litakapofungwa asiondoke mtu upesi, na wewe Najat, mwanangu, usogee karibu, useme nasi.

Dada, mlango unafungwa, tupo hapa, tunakuona. Pumzika.