Fomu Iliyouliza Makazi ya Kudumu

Ndugu zangu, sifa zote ni za Bwana. Nimesimama na wasiwasi, kama kawaida yangu, lakini leo nasema.

Mnamjua dada yangu, Mama Kulwa. Alipojifungua mapacha alivuja damu nyingi, tukazunguka Segese nzima kutafuta wa kumchangia. Aliposhika mimba tena, nilishikwa na hofu. Nikatengeneza tovuti ya kuandikisha wachangiaji damu, kazi niliyojifundisha mwenyewe kwa simu.

Lakini kila nikiiangalia fomu yake ya kujiandikisha, naona imepungukiwa. Nikaongeza barua pepe, kundi la damu, neno la siri lenye namba na alama, makazi ya kudumu. Vyote vikawa lazima. Nilidhani huo ndio umakini. Mwezi wa kujifungua ukakaribia na hakuna aliyejiandikisha. Nikafunga na kuomba, nikimlaumu shetani.

Jumapili moja baada ya ibada nikampa simu Masanja, mchimbaji anayeimba besi kwenye kwaya yetu, ajaze. Alipofika katikati akacheka.

"Makazi ya kudumu? Dada, nikisikia kuna rashi, watu wanakimbilia dhahabu mpya Buseresere, kesho turubai langu la kulala liko huko. Niandike turubai?"

"Andika ulipo sasa."

"Sasa nipo kanisani." Akanirudishia simu. "We si unataka damu? Chukua namba yangu. Ukiniita, nakuja."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipofunguliwa. Nilikaa kwenye benchi la kwaya nikaanza kufuta. Kundi la damu hospitali wanapima wenyewe, nikafuta. Neno la siri la nini? Nikafuta. Kwenye makazi kidole kiliganda. Nikasema, "Bwana, nisaidie," nikafuta. Yakabaki jina na namba ya simu. Masanja akawatumia wachimbaji wenzake kiungo cha tovuti, na kabla ya jioni majina yalikuwa yanaingia.

Siku ya kujifungua, Mama Kulwa alivuja damu tena. Safari hii nilipiga simu tu. Wakaja na vumbi la mashimoni, Masanja mbele, akimuuliza nesi, "Na hapa mnauliza makazi?"

Dada yangu yule pale nyuma, ananyonyesha. Namshukuru Mungu. Nawe unayengoja ukamilike kwanza ndipo umwendee, njoo ulivyo. Mimi alinipokea na wasiwasi wangu wote.

Mkitoka, Masanja yuko mlangoni na simu. Atawauliza mambo mawili tu.