Ukungu Haukushuka Nami Mombo

Shikamooni wazee wangu, na ninyi wenzangu nawasalimu. Nimesimama kwa sababu baadhi yenu mnajiandaa kushuka bondeni kujenga, na mimi bonde hilo lilitaka kuninyang'anya mwiko wangu wa uashi.

Mwiko wenyewe niliachiwa na marehemu mume wangu, na ndio unaolisha wanangu. Hapa Lushoto nimepiga lipu nyumba nyingi bila lawama. Nikapata kazi Mombo, huko bondeni, ya kwanza kusimamia mwenyewe. Kulikuwa na jua kali na upepo. Nikafanya kama nilivyozoea: nikapiga lipu ukuta wa mbele, nikaulainisha, nikaenda kulala kwa amani.

Asubuhi nikakuta nyufa kama utando wa buibui. Nikagonga, ukuta ukalia kama debe tupu. Lipu ilikuwa imeachana na tofali.

Mwenye nyumba akatazama, akasema taratibu, "Mama, ukuta wako umepasuka kama kisigino changu."

Mafundi wa jirani wakacheka. Yeye hakucheka. "Bandua. Nakupa ukuta mmoja tu, huu wa magharibi. Ukipasuka, nawaita hawa."

Ndugu zangu, nawaambia, nilibandua ukuta mzima. Kazi ikinitoka, habari ingenitangulia kupanda mlima, na nani angenipa nyumba yake tena? Nililaumu saruji, nikalaumu mchanga. Fundi mmoja akanitania, "Shangazi, kwenu ukungu ndio kibarua wenu. Huwamwagilia kuta usiku kucha, asubuhi mnajisifu. Hapa umeshuka peke yako."

Yalinichoma. Lakini nikachukua kikombe cha maji, nikayamwaga kwenye tofali tupu. Likayanywa kabla sijashusha mkono. Hapo nikaelewa: tofali lilinyonya maji ya lipu yangu kwa nyuma, na upepo ukamalizia kwa mbele. Saruji hukomaa kwa maji, wenzangu. Ikinyimwa mapema, inabaki vumbi lililoshikana.

Sasa maji nitayatoa wapi, na bomba limekauka? Mama mmoja, muuza uji pale jirani, akanionyesha mapipa yake. "Chota, ila nibakizie ya kupikia."

Alfajiri, ukuta ukiwa bado kivulini, nikalowesha tofali mpaka likashiba, nikangoja uso wake uache kung'aa. Nikachanganya kidogo kidogo, kiasi cha kumaliza kabla hakijaanza kushika. Lipu ilipokaza, nikatundika magunia yaliyolowa. Jua likageukia upande wetu. Upepo ukayang'oa magunia, nikayarudisha, yakakauka, nikayanyunyizia. Jioni nilisikia kata ya maji ya yule mama ikikwangua kitako cha pipa. Hakunikataza.

Kesho yake mwenye nyumba akafunua gunia, akapitisha kiganja. Akagonga chini, katikati, juu. Kila alipogonga, ukuta ulijibu kwa sauti nzito, kama mwamba.

"Haya," akasema. "Zungushia nyumba nzima lipu."

Nikaizungushia, na kila ukuta nikaumwagilia wiki nzima.

Namshukuru mama wa uji. Nawashukuru ninyi mliowalisha wanangu nilipokuwa bondeni. Mkishuka, msibebe mazoea ya mlimani. Pimeni jua na upepo wa pale, na msifungue mfuko wa saruji kabla hamjajua maji yatatoka wapi. Na mtu akiwacheka, msikilizeni mpaka amalize. Mimi jibu langu lilikuwa mwishoni mwa kicheko.